Kauli ya Kutendwa

Jumatano, kipindi cha tatu, kiranja wa Kidato cha Tatu alipita kukusanya madaftari ya ushairi. Darasa lilikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja na madawati thelathini na sita, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya kupenyapenya na kukanyagana miguu. Alipofika kwenye dawati la dirishani alinyoosha mkono kuchukua daftari la msichana waliyemwita Kifutio. Daftari halikunyanyuka.

"Umeligundisha?" akauliza kiranja.

"Hapana."

"Mbona haliji?"

"Ni zito," akasema Kifutio. "Tangu nilipomaliza kuandika."

Kiranja aliweka chini madaftari mengine, akashika lile kwa mikono miwili, akakunja magoti kama mbeba magunia. Wapi. Akaita wavulana wawili wa nyuma, wale waliokuwa wakicheza ulinzi kwenye timu ya shule. Watatu hao walilisogeza mpaka ukingoni mwa dawati, mguu wa dawati ukakatika, daftari likaanguka, na sakafu ya saruji ikapata ufa mrefu kama mkono wa mtoto.

Mwalimu alikuja kuutazama ufa. Kisha akaandika kwenye orodha yake: yaliyopokelewa arobaini, lililo sakafuni moja. Akawaambia wafungue kitabu ukurasa wa sitini waendelee na tofauti ya tathlitha na tarbia, maana muhula ulikuwa mfupi na silabasi ndefu.

Mwalimu huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye chaki hata kwenye nyusi. Wanafunzi walimpa jina la Mwalimu Vina kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia neno lisiulizwe lilikotoka na linakokwenda. Mtu akisema "Mwalimu, nimechelewa kwa sababu ya mvua," yeye huuliza: "Mvua ilikuchelewesha, au ulichelewa, mvua ikawepo?" Walimcheka, lakini wakizozana wao kwa wao uwanjani walizozana kwa namna hiyohiyo.

Kifutio naye alipata jina lake Kidato cha Kwanza. Alikuwa akiandika neno, analifuta, anaandika, anafuta, mpaka karatasi inatoboka na ukurasa wa pili unachungulia. Alifuta hata jina lake. Lakini tangu mama yake afariki, miezi minne iliyopita, alikuwa ameacha kufuta. Aliandika kwa wino, mara moja, na alichoandika kilibaki.

Mama yake alikuwa mshonaji katika kiwanda cha mashati kilicho nyuma ya shule. Asubuhi moja, saa nne kasoro, moto ulianza kwenye marobota ya vitambaa. Wanawake kumi na mmoja walikufa ndani ya chumba cha cherehani. Baada ya wiki tatu karatasi ya ripoti ilibandikwa kwenye geti la kiwanda. Ilisema kwamba mlango ulikuwa wazi muda wote, na kwamba marehemu walipatwa na taharuki wakashindwa kuuona. Wiki ya nne kiwanda kikapakwa rangi, kikafunguliwa.

Mwenye kiwanda ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Watu wote walimwita Mfadhili. Matangi ya maji ya shule yalikuwa yake, na mabati ya bwalo, na kengele.

*

Alhamisi Mwalimu Vina alikuja darasani na mpishi wa shule, na mpishi alikuja na mizani ya kupimia magunia ya unga. Waliisimamisha mbele ya ubao.

"Mwalimu," akauliza mmoja wa wale walinzi wa timu, "leo tunahesabu mizani au tunapima kwa mizani?"

"Vyote viwili," akasema Mwalimu. "Na wewe ndiye utakayebeba."

Watu wanne walilibeba daftari wakaliweka kwenye sahani ya mizani. Mshale ukazunguka, ukasimama. Kilo themanini na mbili. Mpishi akasema gunia la maharage halifiki hapo, akakaa kwenye dawati la nyuma kusikiliza.

Mwalimu alimwomba Kifutio asome shairi lake. Alisoma akiwa ameinama juu ya mizani, kwa sauti ileile anayotumia mtu kusoma orodha ya vitu vya dukani. Zilikuwa beti mbili tu.

Asubuhi kaamka, chai akaniwekea,
Mkoba wake kashika, mlangoni kaendea,
Akasema nikitoka, nguo nitakushonea,
Jioni haikufika, nami ninamngojea.

Moshi juu ulitanda, macho yakafumbwa yote,
Juu ya meza kapanda, akagonga kuta zote,
Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje,
Walikwenda, walikwenda, kumi na mmoja wote.

 Kisha mkono ukanyooka, wa msichana aliyekaa mbele na aliyekuwa wa kwanza kila muhula.

"Mwalimu, mshororo wa tatu wa ubeti wa pili una kasoro. Una mizani kumi na tatu badala ya kumi na sita. Hauna kina cha kati wala cha mwisho. Hauna hata kituo cha katikati."

"Vizuri. Kifutio, unasemaje?"

"Nilijaribu," akasema Kifutio. "Kila nikiuongeza neno, unakuwa uongo."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole. Alitoa wembe mpya, akaufungua karatasi yake. "Naomba ruhusa niukate ukurasa wako," akasema. "Nitaurudisha kama ulivyokuwa."

Kifutio akakubali.

Alikata mshororo mmoja mmoja, na kila kipande kilipimwa peke yake. Chai ilipimwa, ikawa sifuri. Mkoba, sifuri. Jioni isiyofika, ambayo wengi walidhani ndiyo yenyewe, mshale haukutikisika. Moshi ulikuwa mwepesi, kama moshi. Ulipowekwa mshororo wenye kasoro, mizani ikalia, mshale ukaenda themanini na mbili.

"Haya," akasema Mwalimu. "Tumepata mahali. Sasa tusome. Si kusoma kwa kukimbia kama mnaofukuzwa na mbwa. Neno kwa neno. 'Ulikuwa umefungwa.' Kwa nini hakusema 'ulifungwa'?"

Wakafikiri. Mvulana mmoja mfupi, asiyesema sana, akasema: "Ulifungwa ni wakati wowote. Ulikuwa umefungwa ni kwamba jambo lilishakwisha. Moshi unakuja, mlango ulishafungwa zamani."

"Kwa hiyo moto haukuubana."

"Hapana. Uliukuta."

"'Kwa nje.' Tungeondoa maneno hayo tungepoteza nini?"

"Aliye ndani asingeweza kuufungua," akasema kiranja. "Hata angeuona. Ripoti inasema hawakuuona. Lakini kama ni kwa nje, hata wangeuona..."

"Malizia sentensi yako."

"Hata wangeuona, wangeuona tu."

Mwalimu alikata tena. "Mlango", sifuri. "Kwa nje", sifuri. "Ulikuwa", sifuri. Kipande kilichobaki kilikuwa na neno moja, umefungwa, na kilikuwa na kilo zote themanini na mbili. Alikipasua kwa ncha ya wembe, akishikilia pumzi, kiungo kwa kiungo, kama walivyokuwa wamefundishwa kuchambua kitenzi: kiambishi cha ngeli, kiambishi cha hali timilifu, mzizi, mnyambuliko, irabu ya mwisho. Akavipima. Vyote vilikuwa vyepesi isipokuwa mnyambuliko. Ilikuwa herufi w peke yake, kijikaratasi kidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga, imekaa katikati ya sahani, na sahani imelala.

"Mwalimu," akasema yule wa mbele, "hata 'ulikuwa' ina w."

"Hiyo ni ya kitenzi kuwa. Tumeipima, haina kitu. Hii ni ipi?"

"Ya kauli ya kutendwa."

"Kazi yake?"

"Kumwondoa mtendaji. Unaweza kusema jambo lilitendwa bila kumtaja aliyelitenda."

"Anakwenda wapi?"

 Mpishi, ambaye hakuwa mwanafunzi, ndiye aliyesema kutoka nyuma: "Haendi popote. Kajificha humo humo." Akanyooshea kidole kile kijikaratasi. "Ndiyo maana kinalalia sahani. Kina mtu."

Kengele ililia. Mwalimu alirudisha vipande vyote mahali pake kwa gundi ya shule, kimoja kimoja, na w akaibandika mwisho. Aliwapa kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike mshororo ule kwa kauli ya kutenda.

*

Mkuu wa shule hakushangazwa na uzito wa daftari. Alikuwa na mambo mengi. Alichotaka kujua ni nani angeeleza kuvunjika kwa dawati na kupasuka kwa sakafu, na kwa nini mpishi alikuwa darasani wakati uji uliungua.

"Mwalimu," akasema, "mimi pia nimesoma fasihi. Mshororo ule ni mbovu. Mtoto amekosea, na kazi yetu ni kumsahihisha. Nimekaa nao mchana huu nikaurekebisha."

Akamsogezea karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri, wa kulala:

Mlango uliwapenda, ukawa wazi kwa wote.

"Hesabu," akasema Mkuu. "Nane kwa nane. Kina cha kati kipo, cha mwisho kipo. Tena ina tashihisi. Mlango unapenda! Mtahini akiona hivyo anatabasamu."

Mwalimu Vina alihesabu kwa vidole vyake, kwa sababu alikuwa mtu wa haki. Mizani zilikuwa kumi na sita. Alipoinua mkono kurudisha karatasi, ikapaa yenyewe kutoka mezani ikaenda kugusa dari, ikabaki huko ikitambaa taratibu kuelekea dirishani. Mkuu alipanda kwenye kiti akaishusha. Akaiwekea jiwe la kukandamizia karatasi juu yake, na jiwe likaanza kuyumba.

"Kesho saa nne Mfadhili atakuja," akasema akiwa amelishikilia jiwe. "Nimemwita na mlezi wa mtoto pia. Tutamaliza jambo hili kiungwana."

"Kiungwana kwa nani?" akauliza Mwalimu.

"Mwalimu, usinianze."

*

Mlezi wa Kifutio alikuwa mama yake mdogo. Alikuwa na watoto wake wawili, na baada ya moto wakawa watatu. Naye alifanya kazi kiwanda kilekile, upande wa kupiga pasi, jengo la pili. Ndiyo maana alikuwa hai. Siku ya moto alisikia makelele akavuka ua akikimbia, akafika mlangoni mwa chumba cha cherehani kwa nje. Aliona kufuli. Aliishika, na kufuli ilikuwa imepata moto tayari, akaivuta hata hivyo, akaivuta mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye chuma. Mlinzi alisimama nyuma yake akirudia kwamba ufunguo hana, ufunguo uko kwa bosi, na bosi ametoka kidogo. Kwa upande wa ndani dada yake alikuwa akigonga. Alimjua kwa namna ya kugonga, mbili halafu moja, kama alivyogonga mlango wa choo walipokuwa wadogo.

Wachunguzi walipokuja aliwaambia yote hayo. Waliandika kwamba shahidi alikuwa na taharuki. Kisha wakaandika maelezo mengine wao wenyewe, yaliyosema mlango ulikuwa wazi, wakamwambia atie dole gumba kama bado anahitaji kazi. Dole lake halikuwa na alama tena. Likaacha doa la wino, duara jeusi lisilo na mistari, na doa hilo likakubaliwa.

Kwa miezi mitatu hakusema. Jumapili moja, akimsuka Kifutio nywele, mikono yake migumu ikiteleza kwenye nywele, alisema yale maneno matano kwa kisogo cha mtoto, kwa sababu usoni asingeweza. Halafu akaendelea kusuka.

Ijumaa saa nne alikuja shuleni akiwa amevaa gauni lake la kwendea mazishini, la pekee lililopigwa pasi. Mwalimu Vina alisimama kumpisha kiti. Kifutio alisimama karibu na ukuta. Daftari lilikuwa sakafuni katikati ya ofisi, kwa sababu meza ya Mkuu ilikuwa ya mbao laini.

Mfadhili alichelewa dakika kumi, akaomba radhi kwa kuchelewa. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, shati jeupe la kiwanda chake mwenyewe, lenye mfuko kifuani. Alimpa kila mtu mkono. Alipofika kwa mama mdogo aliushika mkono wake wenye makovu kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana, mama. Bado tuko katika msiba sote."

"Ahsante," akasema mama mdogo, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu.

Mkuu alieleza jambo lenyewe. Alieleza kuhusu vina, mizani, umuhimu wa kufuata kanuni za watangulizi. Akatoa mshororo wake mpya, aliokuwa ameufungia ndani ya bahasha, na bahasha ameifungia ndani ya droo. "Tubandike huu juu ya ule," akasema. "Mtoto atapata alama zake, na hakutakuwa na maneno mitaani."

"Mimi sina neno na mashairi," akasema Mfadhili. "Watoto na waandike. Ila uongo ukiandikwa na mtoto huwa ukweli kwa watu wazima. Mlango ulikuwa wazi. Huyu mama alikuwepo na alitia saini. Si ndiyo, mama?"

Mama mdogo alitazama viganja vyake. Nje wanafunzi wa Kidato cha Kwanza walikuwa wakiimba jedwali la kuzidisha, mara saba. Walifika saba mara tisa kabla hajafungua mdomo.

"Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje," akasema.

Kiti chake kikalia. Miguu yake minne ikazama kwenye sakafu upana wa kidole. Mwalimu Vina alimshika begani, akamwambia asiinuke ghafla.

"Nani aliufunga, mama?" akauliza Mwalimu.

"Mwalimu!" akasema Mkuu.

"Nauliza sarufi."

Mama mdogo alifungua mdomo tena. Lakini Mfadhili alikuwa amesimama. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyechoka kungoja watu wengine wamalize. Alipiga hatua mbili, akainama, akaliokota lile daftari kwa vidole viwili.

Aliliokota kama mtu anavyookota leso. Daftari ambalo kiranja na wavulana wawili wa timu walilisukuma kwa shida, ambalo lilikuwa limeletwa ofisini asubuhi ile kwa toroli la mpishi na watu wanne, lilining'inia kati ya kidole gumba na cha shahada, likipepea kidogo kwa upepo wa feni.

"Mbona jepesi?" akasema.

 Kila mtu ndani ya chumba alikuwa akimtazama mkononi, na kila mtu alielewa, hata Mkuu, ambaye rangi ilimtoka usoni, akaiacha, kisha akaiita irudi.

"Mheshimiwa ana nguvu," akasema Mkuu. Akacheka kidogo, peke yake.

Mfadhili alipekua mpaka kwenye ukurasa wenye gundi. Alisoma akisogeza midomo. Alipofika mahali penyewe aliikwangua ile w kwa ukucha, na kwa kuwa gundi ya shule si gundi, ikatoka mara moja. Aliishika kwenye ncha ya kidole, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akaitia mfukoni mwa shati. Mfuko haukulegea.

"Kosa dogo la tahajia," akasema. "Nimelisahihisha. Sasa hakuna haja ya kubandika kitu." Akamkabidhi Kifutio daftari lake. Lilikuwa jepesi kama daftari. Mlangoni akageuka. "Mama, Jumatatu usichelewe. Tuna oda kubwa."

Walisikia gari lake likiondoka bila shida yoyote.

Kifutio alisoma kilichobaki. *Mlango ulikuwa umefunga kwa nje.* Alimpa mama yake mdogo asome, naye akasoma mara mbili, akasema: "Kwa hiyo mlango ndio uliofunga." Sauti yake haikupanda. Alijinasua kwenye kile kiti, akashukuru kwa muda wao, akaenda kukaa kwenye ngazi za nje, na huko akapiga ngumi saruji mara tatu, mbili halafu moja, kwa mkono uliokuwa tayari hauhisi kitu. Kifutio alikaa kando yake. Hakulia. Alikuwa na hasira ya namna asiyoijua, baridi, imenyooka, kama rula, na ilimsaidia kukaa wima.

*

Mwalimu Vina hakuacha. Alikusanya zile kazi za nyumbani, arobaini na moja, kila moja ikiwa na mshororo uliogeuzwa kuwa kauli ya kutenda, na kila moja ikiwa na mtendaji mmoja yuleyule. Zilikuwa nyepesi, zote pamoja zikaingia kwenye mfuko wa plastiki. Alizipeleka kwa afisa wa kazi pamoja na daftari. Kifutio alikwenda naye, na mama mdogo pia, aliyeaga kazini kwamba anakwenda kutibiwa mikono.

Afisa alikuwa mtu msikivu. Alizisoma zote, akazihesabu, akasema kwamba zile karatasi arobaini na moja zilikuwa mazoezi ya darasani, na mazoezi si ushahidi. Ushahidi ulikuwa ni lile daftari, maana ndilo lililosemekana kuwa na uzito. Akalipima. Gramu tisini.

"Liliibiwa herufi," akasema Mwalimu.

"Na nani?"

"Na mwenyewe, mwenye kiwanda."

Afisa aliandika: herufi ilipotea. Kifutio aliomba kalamu, akairudisha w mahali pake mbele ya macho yake. Ilikaa vizuri, ila haikuwa na uzito, kwa kuwa uzito wenyewe ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Afisa alisikitika. Alieleza kwamba wino ulikuwa tofauti, na hati ikishasahihishwa haisomwi tena ila kama ilivyokuwa kabla ya kusahihishwa. Akaisoma kama ilivyokuwa: mlango ulikuwa umefunga kwa nje.

"Shahidi yupo hapa," akasema Mwalimu. "Mwulize."

"Shahidi ana maelezo yake kwenye faili, yana dole gumba." Akafungua faili, akawaonyesha lile doa.

"Hilo si dole," akasema mama mdogo. "Hilo ni shimo."

Afisa alikubali kwamba linafanana na shimo. Akalifunga faili.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki sita. Ulisema kwamba kwa mujibu wa maandishi yaliyowasilishwa, mlango ulifunga, na kwamba mlango ulikuwa na hatia ya uzembe. Mlango uling'olewa, ukabebwa kwenye lori pamoja na bawaba zake, ukapelekwa kwenye ghala la vielelezo. Mfadhili alisema kwenye mkutano wa wazazi kwamba anapokea uamuzi kwa moyo mkunjufu, na kwamba usalama wa wafanyakazi ni jambo lisilo na mzaha. Wazazi wakapiga makofi. Wengine walipiga kwa sababu walikuwa na watoto kiwandani, wengine kwa sababu aliyekaa jirani alipiga.

Mwalimu Vina alihamishiwa shule nyingine, mbali, kufundisha stadi za kazi. Barua ilisema kwamba amehamishwa. Aliisoma mbele ya darasa, akawaomba waichambue, wakaichambua hadi kengele. Mwalimu mpya alikuwa kijana mchangamfu aliyewapenda washairi wa zamani na kuwataka wanafunzi waimbe, wasiulize. Katika mtihani wa mwisho wa muhula Kifutio aliandika beti nne, kila mshororo una mizani kamili, na ule mmoja una kumi na tatu. Alipata alama hamsini na nane. Pembeni, kwa wino mwekundu, palikuwa pameandikwa: mizani zimepungua.

Mama mdogo hakuacha kazi. Alifikiria, akahesabu vinywa, akaendelea. Kila asubuhi Kifutio alimsindikiza mpaka getini, ingawa ilimaanisha kuzunguka, na ingawa hakuna aliyemwomba.

Jumatatu ya kwanza ya muhula mpya walikuta mlango mpya umewekwa kwenye chumba cha cherehani. Ulikuwa wa chuma, wa kijani, mpana kuliko wa zamani. Mama mdogo alikuwa amehamishiwa humo, kwa sababu oda ilikuwa kubwa na vyerehani kumi na kimoja havikuwa na watu. Alimshika Kifutio shavuni kwa kiganja kisichohisi.

"Nenda shule, mwanangu. Utachelewa."

"Nitakwenda."

Wanawake waliingia mmoja mmoja, mikoba kwapani, wakisalimiana, mmoja akimtania mwenzake kwamba amenenepa. Wa mwisho alipoingia, mlinzi aliusukuma mlango ukafunga kwa sauti nzito, nzuri, ya chuma kipya. Akatia kufuli ya juu. Akatia kufuli ya chini. Akazivuta zote mbili kuhakikisha, akatumbukiza funguo kwenye bahasha, akaanza kuvuka ua kuelekea ofisini kwa bosi. Njiani akamwona mtoto wa shule amesimama, uso ameuelekeza mlangoni.

"Unangoja nini wewe?"

"Nasoma," akasema Kifutio.

Mlinzi aligeuka kutazama. Kulikuwa na kibao kipya kimepigiliwa katikati ya mlango, herufi nyeupe, tahajia safi: MLANGO HUU UTAFUNGULIWA WAKATI WA DHARURA.

"Ni sentensi moja tu hiyo," akasema mlinzi.

"Naona."

Mlinzi akaenda zake na bahasha yake. Ndani mashine zilianza kulia, moja, halafu kumi, halafu zote. Kifutio aliisoma sentensi tangu mwanzo, neno kwa neno, akamtafuta mtendaji. Akaisoma mara ya pili.